Katalogi ya Vipuri ya Ford 1965–1972: Inamfaa Vipi Mwenye Mustang ya Mwanzo?

Duka likikuuliza mwaka wa gari tu, mwenye Mustang ya 1965 yumo hatarini. Gari hili lilianza kuundwa Machi 1964, zote zikaandikishwa kuwa za 1965, kisha mwezi Agosti kiwanda kikabadilisha vitu vingi kwa mkupuo. Agiza alternata kwa gari la Mei uletewe kitu ambacho halikuwahi kuwa nacho: la Mei lina dinamo. Regulata (kidhibiti cha umeme wa kuchaji) ya dinamo ina vichwa vitatu vya waya (ARM, FIELD, BAT), ya alternata ina vinne. Huwezi kuhamisha kimoja ukaacha waya za zamani.

Hapo ndipo katalogi hii inapolipa thamani yake. Chini ya namba ya msingi, yaani ya aina ya kipuri, mfano 10346 ya alternata au 11002 ya staata, vipuri vimetenganishwa kwa tarehe: kabla ya siku fulani, kuanzia siku fulani. Ila tarehe ya gari lako utaitafuta mwenyewe. Soma kibati cha mlango wa dereva: 14G ni tarehe 14 Julai. A ni Januari, na herufi I imerukwa, kwa hiyo Septemba ni J. Milango hubadilishwa, basi linganisha na chesisi namba iliyogongwa kwenye bati la ndani la madigadi ya kushoto. Herufi yake ya tano ndiyo injini: U, F na D ni za awali, T, C na A za baadaye. K ndiyo yenye mtego, maana ipo pande zote mbili.

Kwenye V8, usiamini karatasi yoyote kabla ya kuhesabu boliti za nyumba ya klachi. Bloku za awali zina tano, za baadaye sita, na nyumba zake haziingiliani. Tarehe ya bloku imo kwenye chuma chenyewe, juu ya staata: 4H12 ni 12 Agosti 1964. Injini nyingi zimeshahamishwa, kwa hiyo bloku ndiyo inayoamua, si kibati. Boneti nayo huangaliwa kingo za mbele, kwani za awali ni kali zaidi. Ilinganishe na fremu za taa kabla ya kulipa.

Kasoro kubwa ya katalogi ni kwamba toleo la mwisho ni la 1975. Namba nyingi ni za kipuri kilichochukua nafasi ya kile cha awali: kitafunga, lakini huenda kisifanane, na anayerudisha gari katika hali ya kiwandani ataona tofauti. Pia namba iliyo kwenye chuma, kama C5AE-6015-E, ni ya usanifu. Ya kuagizia huwa nyingine, mara nyingi ikianza na C5ZZ. Michoro iko katika juzuu lake, na mmoja hutumika kwa modeli kadhaa.

Nakala ya kielektroniki inafaa zaidi, kwa kuwa unatafuta kwa namba. Magari ya Agosti 1964 yana mchanganyiko wa vipuri vya pande zote mbili. Kwa hayo, fungua kipuri cha zamani, kipime, ndipo uagize.