SSD ya Laptopu Mombasa: Ipi Uitangulize, Ipi Uiache Dukani

Muuzaji wa Moi Avenue au Digo Road akisikia unataka SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, atakuuliza "giga ngapi?", na kabla hujajibu keshapanga boksi tatu juu ya kaunta. Mwambie asubiri. Kwanza ujue laptopu yako inapokea diski ya umbo gani, maana kurudishiwa pesa boksi likishafunguliwa ni kesi.

Kuna diski bapa ya inchi 2.5, na kuna M.2, kijibao chembamba cha upana wa milimita 22. Nyingi za M.2 zina urefu wa milimita 80, ndiyo maana zimeandikwa 2280. Laptopu nyingine ndogo hutaka 2242 au 2230, na hapo 2280 haiingii ng'o. Tena M.2 zenyewe ni za aina mbili zinazofanana sana kwa sura: SATA, njia ileile ya diski za inchi 2.5, na NVMe, yenye kasi zaidi. Angalia meno ya dhahabu: ya SATA kwa kawaida ina mapengo mawili, ya NVMe ina moja. SATA huishia kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde. NVMe ya kizazi cha 3 hukaribia 3,500, na zilizo bora za kizazi cha 4 hupita 7,000. Kama huna hakika, mwite fundi afungue kifuniko cha chini mbele yako, apige picha tundu na diski iliyomo, kisha ndiyo uende dukani na hiyo picha. Wenye MacBook za M1, za mwaka 2020, na zilizofuata wasihangaike: hifadhi yao imelehemiwa kwenye bodi, ukubwa waliochagua siku ya kununua ndio watakaozeeka nao.

Ukubwa nao hauna hadithi ndefu. Giga 256 zinamtosha mtu wa barua na mahesabu, ila zitambana mapema. Giga 512 ni za mwanafunzi na mwenye ofisi. Anayepiga picha za harusi aanzie tera moja. Na usimgombeze muuzaji ukiona Windows inasoma 931 badala ya 1,000. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, wala hakuna aliyekuibia.

Ya kwanza: NVMe ya kati, yenye chipu za TLC (biti tatu ndani ya kila seli)

Hapa ndipo ningepeleka pesa za watu wengi. WD Blue SN580 na WD Black SN770 ni mifano mizuri. Ya tera moja ya SN580 husoma megabaiti 4,150 kwa sekunde, SN770 hufika 5,150, na zote mbili zina dhamana ya miaka 5 au data terabaiti 600 zilizoandikwa, lolote litakalotangulia. Piga hesabu: ukiandika giga 30 kila siku, terabaiti 600 zitakuchukua zaidi ya miaka 50. Laptopu itakufa, uinunulie mwenzake, diski bado ipo. Hazina kumbukumbu yao ya DRAM, huazima kidogo kwenye RAM ya laptopu, na kwa kazi za kawaida hutaona tofauti. Kubwa kwetu ni kwamba hazichemki sana. Joto la Februari hapa Mombasa, laptopu ikiwa juu ya godoro na feni imezibwa, hupunguza kasi ya diski yoyote inayojilinda isiungue.

Ya pili: SATA ya inchi 2.5, kwa laptopu za ex-UK, zilizotumika Uingereza

Laptopu yako ni "mpya" kwa maana ya mpya kwako, kama tulivyo wengi? Basi huenda ndani yake mna diski ya kuzunguka. Samsung 870 EVO au Crucial MX500 itaibadilisha kabisa. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SATA ni mruko mkubwa unaouona kila unapowasha. Kutoka SATA kwenda NVMe, mtu wa Word na YouTube huambulia sekunde chache tu. Micron, wenye Crucial, walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaacha kuwauzia wateja wa kawaida, kwa hiyo ukiikuta MX500 ulizia imekaa bohari tangu lini.

Ya tatu: za bei nafuu

Crucial P3 hutumia QLC, yaani biti nne ndani ya seli moja badala ya tatu za TLC. Tera moja ina dhamana ya terabaiti 220, ambazo bado ni nyingi. Tatizo hutokea ukinakili mafaili makubwa mfululizo: akiba yake ya kasi ikijaa, uandishi huporomoka. Kingston NV2 ina dhamana ya miaka 3, na chipu za ndani hutofautiana toleo kwa toleo. Kwa mwanafunzi, sawa. Kwa mpiga video, hapana.

Ya nne: za mbio

Samsung 990 Pro, megabaiti 7,450 kwa sekunde. Diski safi sana, lakini ukiitia kwenye laptopu ya kizazi cha 3 itakwenda kwa mwendo wa kizazi cha 3, na chenji imebaki dukani.

Za kuacha

Zisizo na jina, na hasa zile za nje za "tera 16" zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Nyingi zimewekwa kadi ndogo ya kumbukumbu na programu ya kudanganya ukubwa. Programu ya H2testw, au F3 kwa wa Linux, huijaza diski yote na kuisoma upya, uongo ukaonekana. CrystalDiskInfo nayo huonyesha saa ilizofanya kazi: "mpya" yenye saa 4,000 imetoka kwa mtu.

Bei sitaji, kwani tangu mwishoni mwa 2025 chipu zimepanda, vituo vya data vya akili mnemba vikizigombania. Uliza maduka matatu, na risiti iandikwe namba ya diski. Ujumbe wa M-Pesa pekee hausemi ulinunua nini.

Fundi akikuambia Windows itabidi ununue upya, si kweli: leseni ya kidijitali ya Windows 10 na 11 hufungamana na bodi, si diski. Diski ile ya zamani itie kwenye kasha la USB uhifadhie nakala. Ukiamua kuiuza, ifute yote kwa programu ya kufutia, kwa sababu kumwaga kapu la taka peke yake huacha mafaili palepale, na aliyeinunua anaweza kuyarudisha jioni hiyohiyo.