Nilipeleka kanda za dansi kwa fundi wa Tabora: sauti safi, majina hakuna

Kazi yangu ni kusherehesha na kupiga muziki kwenye shughuli za watu hapa Tabora mjini. Harusi, kipaimara, mahafali, na siku hizi hata wazee wanaoadhimisha miaka mingi ya ndoa. Hao wazee ndio wanaonibana. Bongo Fleva ninazo, singeli ninazo, kwaya ninazo, lakini shughuli ikishachangamka lazima atokee mmoja anivute shati: “Kijana, hebu tupigie za hapa nyumbani.” Za hapa nyumbani ni Tabora Jazz, wana Segere Matata (ndio mtindo wao), enzi za kina Shem Karenga. Ni Nyanyembe Jazz. Kwa wakongwe kabisa ni Kiko Kids ya Salum Zahoro. Ukiwawekea Msondo au Sikinde watacheza, hawana shida, ila wakirudi kuketi watakwambia umewapigia za Dar.

Mwenye baa mmoja alipofunga biashara aliniachia kasha zima la kanda, nami nikazipeleka kwenye kibanda cha fundi anayehamisha kanda kwenda kwenye fleshi. Nimemtumia kwa muda wa kutosha kuweza kusema neno. Jina la kibanda naliweka pembeni, kwa sababu nitasifu na nitalalamika pia.

Huduma zake ni tatu. Ya kwanza ni kuhamisha kanda: ya dakika 60 ni elfu tatu, ya 90 ni elfu nne, fleshi unakuja nayo. Santuri anapokea pia, kwa bei ya juu kidogo, maana sindano anaagiza Dar. Ya pili, anauza nyimbo alizokwishahamisha, unajaziwa memori kadi. Ya tatu ni ya bure: Jumamosi jioni anatoa sabufa zake nje, chini ya mwembe, anapiga zilipendwa na yeyote anakaa kusikiliza.

Nianze na sauti, maana hapo sina neno. Nilidhani kuhamisha kanda ni kubonyeza kitufe na kusubiri. Huyu bwana hafanyi hivyo. Anafungua mdomo wa deki, anafuta hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, kwa pamba yenye spiriti, anafuta na kile kigurudumu cha mpira kinachovuta mkanda, pamba inatoka na rangi ya kahawia. Anaweka kanda, anavaa hedifoni, kisha anachukua bisibisi ndogo kama ya fundi saa na kukishika kiskrubu kilicho ubavuni mwa hedi. Anakizungusha kidogo sana. Mimi nilikuwa nasikia kwa spika ya pembeni: wimbo ulikuwa kama unapigwa chumba cha pili, mlango umefungwa. Akazungusha tena, na ghafla sahani za drumu zikaanza kulia zenyewe, na gita la rithimu, ambalo sikujua hata kama lipo, likajitokeza. Akaniambia, “Kaka, kila deki iliyorekodi ilikuwa na hedi yenye mlalo wake. Usipoufuata, sauti za juu zote unaziacha humo humo.” Kanda moja ilikuwa imedondosha kile kisponji kinachobana mkanda kwenye hedi. Akang'oa cha kanda nyingine iliyokwishakufa, akakibandika, kazi ikaendelea.

Jambo la kumuuliza kabla hajaanza ni aina ya faili. Ukinyamaza anakupa MP3, kwa kuwa wateja wengi wana memori kadi ndogo, na MP3 ya kawaida inakula kama MB 1 kwa dakika. WAV, faili ambalo sauti yake haijabanwa, kwa ubora wa CD inakula kama MB 10 kwa dakika, kwa hiyo kanda ya saa nzima inapita MB 600. Chukua zote mbili. MP3 ya kupigia, WAV ya kuweka kabatini. Na ukiwa na nafasi, mwambie apandishe kipimo cha kurekodia hadi kilohezi 48 na biti 24, ambacho ndicho kima cha chini kinachopendekezwa na IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti. Kompyuta yake inaweza. Hakuwa ameiweka hapo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba.

Sasa malalamiko.

Nilipofika nyumbani na kufungua fleshi nikakuta Zilipendwa 01, Zilipendwa 02, Zilipendwa 03, hadi mwisho. Hakuna bendi, hakuna mwimbaji, hakuna hata kanda gani wala upande gani. Hilo ningevumilia. Kilichonitoa jasho ni kwamba maneno yote ya katikati yalikuwa yamekatwa. Zile kanda nilikuwa nimezisikiliza kwenye gari kabla ya kuzipeleka, nazijua. Kanda nyingi zilizobaki mikononi mwa watu huku kwetu hazikununuliwa dukani. Mtu alikaa na redio kaseti yake, kidole kwenye kitufe, akairekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Kabla ya redio binafsi kuanza miaka ya 1990 hiyo ndiyo ilikuwa redio, na ndiyo ilikuwa studio pia, bendi zilikwenda kurekodi pale. Kwa hiyo kwenye kanda zangu kati ya wimbo na wimbo kuna mtangazaji. Kuna kipande cha Ugua Pole, kile kipindi cha salamu za wagonjwa, mtangazaji anasoma kadi kwa sauti ya upole, anataja bendi, anataja wimbo, muziki unaingia.

Juu ya kasha la kanda hiyo mwenye baa ameandika kwa kalamu ya wino: “Mchanganyiko B.” Basi. Mtu pekee duniani anayekwambia huo wimbo ni wa nani ni yule mtangazaji, na fundi wangu amemfuta ili muziki uwe “safi”.

Nilirudi nikiwa nimevimba. Alinijibu kwa utulivu, “Kaka, wateja wanataka muziki, maneno hawayataki.” Kwa wateja wake wengi yuko sahihi. Alizirudia zote bila kunitoza, na kwa hilo namshukuru, maana mafundi wengine ukirudi na lalamiko unaambiwa uache kazi upitie kesho, na kesho hiyo haina mwisho. Ila ukweli unabaki kwamba huduma yake ya kawaida inakurudishia nyimbo zisizo na wenyewe. Kwenye shughuli moja ya wazee nilijaribu kupiga kipande chote, na kadi ya salamu ndani yake. Mtangazaji alipofungua mdomo tu ukumbi mzima ulipiga kelele. Watu walisimama kabla gita halijaingia. Tangu siku hiyo siruhusu mtu akate.

Kasoro nyingine ndogo iko kwenye santuri. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ina kama dakika tatu kila upande, ndiyo maana wimbo mmoja wa dansi uligawanywa, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Yeye anakupa faili mbili zilizoachana, tena zikipangwa vibaya haziko hata jirani. Sehemu ya kwanza inakatika pale pale chemko, ile sehemu ya kuchangamka na kucheza, linapotaka kuanza. Kwa msikilizaji wa kawaida si kitu. Kwa mimi niliyesimama mbele ya watu wazima ambao tayari wamekunja mikono ya mashati, ni fedheha. Siku hizi naziunganisha mwenyewe.

Jumamosi sasa. Hapa ndipo nampa maksi nyingi kuliko mahali pengine popote. Hana bango, hana kadi ya mwaliko. Anawasha tu. Bodaboda wanapunguza mwendo, wanaotoka sokoni na vikapu wanasimama kidogo, muuza matobolwa anajisogeza penye watu, na wazee wa Ng'ambo na Isevya wanafika taratibu na viti vyao vya kukunja. Vijana wanakuja kwa kuwa kuna spika. Wengi hawajui hata kama Tabora iliwahi kuwa na bendi zilizotikisa nchi.

Wimbo mmoja ulianza, gita la solo likaingia juu juu, na mzee mmoja mwenye baraghashia akanyoosha kidole. “Western Jazz hao. Hilo solo la Hanzuruni, mpiga gita wao.”

Bibi aliyekuwa amekaa karibu na sabufa akacheka. “Western wa Dar hao, Babu. Sisi tulicheza ya hapa.”

“Wa Dar! Iddi Nhende katoka wapi? Si Nzega? Kaianzisha kule Dar mwaka 1959, kaiita Western. Magharibi gani, kama si huku?”

“Haya, basi Saboso, mtindo wao, nayo ya Nzega,” bibi akasema, na watu wakaangua kicheko.

Wakabishana hadi wimbo ukaisha, fundi akaurudisha mwanzo wabishane vizuri. Pembeni alikuwepo binti anayemsaidia, ana kauntabuku mapajani. Anaandika namba ya wimbo, bendi iliyotajwa, nani kataja kapiga solo, na kama wengine wamekubali au wamekataa. Niliiomba nikaipekua. Ni hazina. Kuna wimbo wenye majibu matatu yaliyopigiwa mstari, kuna mwingine mzee amewataja wapigaji wote hadi wa tumba, na mwingine una alama ya kuuliza kubwa tu.

Halafu kauntabuku hiyo inafungiwa kwenye droo! Majina anayo, kayapata kwa wenye kumbukumbu, na bado fleshi yangu inasoma Zilipendwa 07. Nilimwambia hilo mbele ya binti, na binti akaniunga mkono kwa macho. Kuandika jina kwenye faili ni kazi ya sekunde chache. Kama hawezi kwa nyimbo zote, basi aandike namba ileile ya kwenye daftari, mteja mwenye shida arudi kuuliza.

Nasema hivi kwa sababu nimeona wenzetu wanavyofanya. Nyimbo za Wanyamwezi zilianza kunaswa kwenye mitungi ya nta ya kurekodia sauti enzi za Mjerumani, na Hornbostel, mtafiti wa muziki wa Berlin, akachapisha makala juu yake mwaka 1909. Hifadhi ya sauti ya Berlin ipo tangu 1900, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, naye alipita Tanganyika na mitambo yake mwaka 1950, na maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ILAM, iko Makhanda, Afrika Kusini. Kwenye hifadhi za namna hiyo sauti ina karatasi yake: lugha, mahali, tarehe, chombo kilichopigwa. Sawa, lakini ni mzee gani wa Isevya atakayefika Berlin? Na bando la kusikilizia mtandaoni analipa nani? Hapa mwembeni watu wapo, wanabishana, wanakumbuka, na karatasi ndiyo haipo.

Huduma ya kuuza nyimbo kwenye memori kadi mimi siitumii. Nyimbo hizo zina wenyewe au warithi wao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo sehemu kubwa ya dansi tunayoiita ya zamani bado ni mali ya watu. Nilipomuuliza fundi pesa ya memori kadi inawafikiaje, alibadilisha mazungumzo. Kanda yangu anihamishie, hiyo ni halali yangu. Za kuuza, hapana.

Ukienda, hesabu kanda zako mbele yake na uandike namba kwenye kila moja, maana anapokea za watu wengi kwa pamoja. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe asikate kitu, hata pale redio inapokoroma. Omba WAV. Kabla hujalipa, mwombe binti alete kauntabuku, uzipige picha kurasa za nyimbo zako. Jumamosi wanaanza baada ya saa kumi jioni. Mvua ikinyesha hawaanzi.