Prius kwenye mteremko mrefu: uzoefu wangu na gia ya B

Naendesha Prius ya kizazi cha tatu, haibridi ya Toyota inayotumia injini ya petroli ya lita 1.8 pamoja na mota za umeme, na njia yangu ya kila mara ina mteremko mrefu wenye kona nyingi. Watu wakijua hivyo, swali lao la kwanza ni moja: gari hili halina gia ya pili wala ya tatu ya kurudishia, sasa linazuiliwaje likiteremka? Linazuilika, tena vizuri. Ila maelezo wanayopewa wengi wakati wa kununua, kwamba "weka B (gia yake ya kuzuia mwendo mteremkoni) ujaze betri", siyo.

Nianze na D, ile ya kwenda mbele, maana ndiyo gia utakayokuwa nayo muda mwingi. Ukiachia mafuta ukiwa D, mota kubwa inageuka jenereta na gari linazuiwa kidogo tu, kama otomatiki yoyote. Ukigusa breki taratibu, kinacholizuia gari kwa sehemu kubwa si pedi bado. Ni ile mota, na kwenye dashibodi utaona mstari ukiingia upande wa CHG, yaani kuchaji. Mguu mwepesi hapo ndio unaojaza betri kuliko gia yoyote. Kwa vilima vifupi vya mjini huhitaji kujua zaidi ya haya, na ndiyo sababu pedi za magari haya huchelewa kuisha.

Shida ni kwamba betri yenyewe ni ndogo. Uwezo wake ni kilowati-saa 1.3, na kompyuta hairuhusu itumike yote. Huiweka takriban kati ya asilimia 40 na 80 ili idumu. Kwa hiyo hata ukifika kileleni ikiwa chini kabisa, nafasi iliyobaki ni nusu kilowati-saa hivi. Sasa piga hesabu: gari la kilo 1,500 pamoja na abiria likishuka mita 100 za kimo linatoa takriban kilowati-saa 0.4. Toa kinacholiwa na upepo, matairi na upotevu wa umeme, bado mita 200 hivi za kimo zinatosha kuijaza. Kwenye mteremko wa asilimia 8, kwa mwendo wa 60, hizo ni dakika mbili tatu tu, na mlima haujafika hata katikati.

Betri ikijaa ndipo jambo linaloniudhi linapoanza: mguu wako hauambiwi kitu. Breki za gari hili zinaendeshwa na kompyuta, na kompyuta inachanganya mota na pedi kwa ustadi kiasi kwamba kanyagio linabaki na uzito uleule. Dakika moja iliyopita mota ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Sasa ni pedi na diski, zinapata moto, na wewe unahisi mambo ni yaleyale. Anayeendelea kukanyaga breki akiwa D hadi bondeni ataletewa habari na pua, ile harufu ya pedi zilizoungua. Zikizidi kupata moto hushika kwa shida, na mafuta ya breki yakichemka kanyagio linazama. Kwa hiyo jicho langu liko kwenye vile vibao vinane vya kipimo cha betri. Vikifika saba, sisubiri cha nane.

Hapo ndipo B ina kazi. Ukiwa D unavuta kile kirungu kidogo cha gia moja kwa moja chini, kinarudi katikati chenyewe, na herufi B inawaka kwenye dashibodi. Kinachotokea ndani ni kwamba umeme unaozalishwa na magurudumu unapelekwa kwenye mota ya pili, nayo inaizungusha injini bila tone la mafuta kuchomwa. Injini inakuwa mzigo wa kuvuta hewa bure, na nguvu ya mteremko inaishia humo badala ya kwenye diski. Yaani B ni gia ya kutupa nguvu, si ya kuiweka akiba. Ukiiweka mapema betri ikiwa bado na nafasi, unatupa umeme ambao D ingekuokotea.

Kelele yake inashtua abiria. Injini inavuma kama umerudisha gia mbili kwa mpigo, na mtu aliyezoea ukimya wa gari hili lazima aulize kumeharibika nini. Hakuna kilichoharibika. Hata ukibaki D, betri ikijaa kabisa gari lenyewe huanza kuizungusha injini, ila kwa nguvu ndogo kuliko ya B.

Ninachofanya ni hiki. Kabla ya kuanza kushuka napunguza mwendo kwanza, kwa sababu mzigo wa kuzuia unapanda na mwendo: mteremko uleule wa asilimia 8 unaotoa karibu kilowati 20 ukiwa 60 unatoa 13 hivi ukiwa 40. Nashuka na D kwa breki nyepesi mpaka vibao saba, naingia B, kisha breki naikanyaga kwa vipindi: nashusha mwendo kwa nguvu kidogo, naachia, pedi zipumue. Kuikalia breki muda wote ndiko kunakoziunguza. Kwenye sehemu kali sana B peke yake haitoshi, breki lazima isaidie, asikudanganye mtu.

Kruzi kontroli ya kawaida, ile ya kushikilia mwendo uleule, naizima mteremko ukiwa mkali, kwa sababu haikanyagi breki na mwendo unaweza kupita ule uliouweka. Na N, yaani gia huru, tafadhali, usithubutu. Ukiwa N mota haikusanyi umeme na injini haizuii chochote. Umebaki na pedi pekee.

Ningependa B iwe na ngazi, maana iko moja tu, unaipokea ilivyo. Baadhi ya haibridi za Honda zina vibao nyuma ya usukani vya kuchagua nguvu ya kuzuia, na kwa mtu wa milimani nadhani huo ni mpango bora. Vilevile Prius ya kuchomeka ya mwaka 2012 ina betri ya kilowati-saa 4.4, hivyo inameza mteremko mrefu zaidi kabla ya kushiba, mradi usianze safari kileleni ikiwa imejazwa umeme wa nyumbani.

Kwa njia kama yangu, gari hili nalipa alama nne kati ya tano. Ukifika tambarare kumbuka kurudisha D. B haijitoi yenyewe, na kutembea nayo siku nzima kunaongeza ulaji wa mafuta.