Banda la Mpira Ngamiani: Huduma Kamili kwa Wazee, Nusu Huduma kwa Vijana

Katika mitaa ya Ngamiani, jijini Tanga, mabanda ya kuonyeshea mpira ni mengi, na mengi kati ya hayo yanastahili kabisa jina la kibanda umiza: benchi jembamba, paa la bati lisilo na dari, na skrini ambayo aliyeketi nyuma huiona kwa kuchungulia baina ya vichwa. Banda ninaloliandikia hapa halina kibao mlangoni, na hujulikana kwa jina la mwenyewe tu. Linatofautiana na mengine kwa jambo moja: mwenye banda ameelewa kwamba wateja wake ni wa marika mawili ambayo mapenzi ya mpira yaliwaingia kwa njia tofauti, akaipanga huduma yake kwa kulizingatia hilo. Kwa maoni yangu amefaulu zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana, ingawa vijana ndio wanaomweka mjini.

Zipo runinga mbili na ving'amuzi viwili. Runinga ya mbele, iliyo kubwa, ni ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara, na mbele yake vimepangwa viti vya plastiki vyenye egemeo. Ya pili iko pembeni, upande wa nyuma, kwa ajili ya ligi ya England na nyingine za Ulaya, na huko watu huketi kwenye benchi. Kiingilio ni shilingi 500 kwa mechi za kawaida na shilingi 1,000 Simba na Yanga zinapokutana. Mzee anayeagiza kahawa na kashata hatozwi kiingilio. Utaratibu huu haujaandikwa popote, na kijana akiulalamikia, mwenye banda humjibu kwamba naye asubiri aote mvi.

Mgogoro huja katika miezi ambayo Uingereza imesogeza saa zake mbele. Coastal Union, timu ya hapa Tanga, inapoanza kucheza saa 10 jioni, mechi za England za Jumamosi huanza saa 11, na kwa karibu saa nzima runinga zote mbili huwa na kazi. Hapo sauti hupewa Coastal, na England hubaki picha tupu. Mechi ya nyumbani ikiisha, wazee huanza kuinuka mmoja mmoja kwa ajili ya magharibi, adhana huikuta sauti imeshapunguzwa, na baada ya hapo ndipo runinga kubwa hukabidhiwa vijana, kipindi cha pili cha England kikiwa kimeshika kasi. Ninaposema nusu huduma, basi, ninamaanisha hivyo hasa: wamelipa kiingilio kamili, wakasikia nusu ya mchezo.

Asiyeijua historia ataona ni upendeleo mtupu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mtu wa Tanga aliyevuka miaka 50 aliujua mpira kwa kwenda uwanja wa Mkwakwani, hapa mjini, kwa miguu yake, au kwa kutega sikio redioni, akiwasikiliza watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary wakimchorea uwanja asiouona. Timu kwake ilikuwa jambo la ukoo na mtaa. Coastal Union na African Sports, timu nyingine ya Tanga, zilipokutana, ndugu wa tumbo moja waliweza kununiana hadi kesho yake. Coastal ilipotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, mzee huyo alikuwa kijana, na hadi leo viti vya mbele haviishi kuirudia habari hiyo kila timu inaposhindwa kupiga pasi tatu mfululizo.

Vijana wa benchi la nyuma wamepitia njia nyingine, na katika hili nadhani wazee huwaonea. Mwishoni mwa msimu wa 2015/16, Coastal Union, African Sports na Mgambo Shooting zilishuka daraja kwa pamoja, timu tatu za mkoa mmoja kwa mkupuo. Kwa misimu miwili iliyofuata Tanga haikuwa na timu hata moja katika Ligi Kuu, hadi Coastal iliporejea msimu wa 2018/19. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 au 12 wakati huo, yaani katika umri ambao mtu huchagua timu ya maisha yake, hakuwa na Ligi Kuu ya kwenda kuitazama Mkwakwani. Alichokuwa nacho ni banda, na bandani kulikuwa na Arsenal, Manchester United na Liverpool. Kumlaumu leo kwamba anakijua kikosi kizima cha Arsenal lakini hamjui beki wa kushoto wa Coastal ni kumlaumu kwa kula kilichokuwa mezani.

Wala si kweli kwamba Wagosi wa Kaya, kama Coastal inavyoitwa, hawamgusi. Vijana wana tarehe yao pia. Ukiwataja mabingwa wa 1988 watakusikiliza kwa heshima. Ukiitaja fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ya mwaka 2022 pale Arusha, ambapo Abdul Suleiman "Sopu" alifunga mabao matatu peke yake, mchezo ukaisha 3-3 na Yanga wakachukua kombe kwa penalti, watakusimulia mpaka kahawa ipoe. Msimu wa 2023/24 timu ilimaliza katika nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mwenye banda anasema siku hizo hata benchi la nyuma lilidai sauti iende mbele.

Kinachowatenganisha kwa kweli ni mkeka, yaani orodha ya mechi ambazo mtu amezibetia kwa pamoja. Jioni moja Coastal ikiwa inacheza na mpira ukiwa umesimama katikati ya uwanja kwa sababu mchezaji alikuwa akitibiwa, kijana mmoja aliruka kutoka kwenye benchi huku akipiga kelele za goli. Viti vyote vya mbele viligeuka.

"Nani kafunga?" aliuliza mzee mmoja, akihangaika kuvaa miwani.

"Si hapa, babu. Ni Ujerumani."

"Na Ujerumani wewe una nani?"

"Nina mkeka, babu."

Banda zima liliangua kicheko, na mzee akarudi kwenye runinga yake akitikisa kichwa. Kijana alikuwa na timu sita kwenye simu yake, kutoka nchi ambazo hajawahi kuona hata jezi zake, na kila moja ilimpandisha mapigo ya moyo kwa dakika 90. Huo nao ni ushabiki, lakini ni ushabiki unaokwisha Jumapili usiku na kuanza upya na timu nyingine Ijumaa. Mzee hawezi kuuelewa kwa sababu timu yake ilimkosesha usingizi bure, bila ahadi ya malipo yoyote. (Wazee nao wasijitakase sana: Simba au Yanga ikija Mkwakwani, wapo miongoni mwao ambao hunyamaza kwa namna ya kutia shaka Coastal inapofunga.)

Kuhusu mkeka, nina lawama moja kwa mwenye banda. Ameruhusu meza ya kubetisha iwekwe karibu kabisa na mlango, na baadhi ya wanaoizunguka wana sura za wanafunzi wa sekondari. Sheria haiwaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza michezo hii, na sikumwona mtu akiulizwa umri.

Picha ni safi. Tangu Azam Media iliposaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, mwenye banda kama huyu ana bidhaa ya uhakika ya ligi ya nyumbani, na wazee wenye magoti mabovu wanapata marudio ya kila tukio bila kupigwa na jua. Lakini hapa pana jambo la ajabu. Banda liko karibu na Mkwakwani kiasi kwamba upepo ukielekea huku, kelele za uwanjani hufika kabla ya picha, ambayo hupitia kwanza kwenye setilaiti. Wazee husikia goli, wakainuka, kisha wakalitazama likifungwa. Vijana nao hupata magoli ya England kwenye simu kabla hayajaonekana kwenye runinga ya pembeni. Kinachonisumbua ni kwamba watu wanaodai kuipenda timu kuliko wajukuu wao wamekaa umbali wa kutembea kutoka uwanjani, huku majukwaa yakiwa na nafasi tele.

Kahawa ni chungu kama inavyotakiwa, huletwa kwenye birika lililokaa juu ya mkaa, na kashata za karanga ni freshi. Umeme ukikatika jenereta huwashwa haraka. Choo ni kimoja na hakiridhishi. Wanawake ni wachache mno, na sioni juhudi yoyote ya kuwavuta.

Anayetaka kiti cha mbele siku ya Coastal na afike mapema, mara baada ya swala ya alasiri, kwa kuwa wazee wana viti vyao na hakuna atakayekuhamishia chake. Mpenzi wa England na aende Jumapili, au Jumamosi ambayo Coastal haichezi, ili apate sauti tangu filimbi ya kwanza. Mechi za usiku za Ulaya huonyeshwa pia, kwa kiingilio kilekile cha shilingi 500, lakini saa hizo muuza kahawa huwa ameshaondoka.