Darasa la kodi (chord) za dominanti, Tudor, Mombasa: zuri, ila 11 imeharakishwa

Anayezimudu tayari E7 na A7 atafaidi darasa hili la gitaa la Jumamosi. Anayeanza, asubiri kwanza. Somo ni 9, 11 na 13 (noti zinazoongezwa juu ya kodi ya 7), kupitia mnyororo wa dominanti, kodi ambazo kila moja huvuta kuelekea inayofuata: E9, A13, D9, G13, mwisho C.

Kwenye mnyororo ndipo mwalimu anapong'ara. E9 hushikwa x76777 (namba za freti, kuanzia waya wa 6 ulio mnene hadi wa 1 ulio mwembamba; x haupigwi), A13 ni 5x567x. Waya wa 4 unateremka kutoka G♯ hadi G, wa 3 kutoka D hadi C♯, wa 2 unabaki palepale F♯. D9 (x54555) na G13 (3x345x) ni maumbo yaleyale, freti mbili kuelekea kichwa cha gitaa. Waya wa 5 uzimwe kwa ncha ya kidole kilichobana wa 6. Ukiachwa wazi kwenye G13, A hujipenyeza na kuchafua besi. Hili analirudia mpaka vidole vitii, na ana haki.

Kwa 11, amekimbia mno. C11 kamili ina E na F zinazogombana, ndiyo sababu E huachwa na kupigwa x3333x. Wanafunzi wanapewa umbo tu, sababu hawapewi.

Gitaa za kuazima zina waya zilizoliwa na hewa ya chumvi, na noti ya 13 hufifia kabisa. Nenda na lako. Ukipiga na bendi yenye mpiga besi, acha mzizi (noti inayoipa kodi jina) kwake, ubaki na nyuzi nne nyembamba.