Namba za Kireno na za Kiserbia: mtafsiri hujikwaa wapi?

Kireno kinahesabu bila maringo. Ukishavuka moja, nomino inaingia kwenye wingi na kubaki huko: duas cidades (miji miwili), cinco cidades (miji mitano), vinte e uma cidades (miji 21). Jinsia hugusa namba chache tu, kama um/uma (moja), dois/duas (mbili) na mamia kuanzia duzentos/duzentas (200).

Kiserbia hakikuachii hivihivi. Mji mmoja ni jedan grad. Miwili hadi minne ni dva, tri, četiri grada. Mitano ni pet gradova. Ukifika 21, unarudi kwenye umoja: dvadeset jedan grad. Sisi tuliozoea “miji mitano” lakini “miji sita” tusiwacheke sana.

Pagumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye watu. Os dois chegaram, “wale wawili wamefika”, inatosha kwa Mreno. Mserbia atataka kujua ni akina nani: wanaume wawili ni dvojica, mwanamume na mwanamke ni dvoje. Sentensi yenyewe haisemi, kwa hiyo mtafsiri arudi kusoma ukurasa uliotangulia.

Kwenye fedha, hatari inatoka upande wa Kireno. Bilhão ya Brazil ni milioni elfu moja, yaani milijarda kwa Kiserbia. Bilião ya Ureno ni milioni mara milioni, sawa na bilion ya Kiserbia. Ukifuata mlio wa neno tu, deni la Mbrazili linakua mara 1,000.