Pampu ya mkono ya kukamulia maziwa: uzoefu wangu na njiti wodini Moshi

Nianze na jibu kabisa, maana mama mwenye mtoto wodini hana muda wa kusoma maelezo marefu. Pampu ya mkono inunue, ila usiikimbilie siku ya kwanza. Na ukifika dukani usihangaike kuuliza inavuta kiasi gani. Uliza inafunguka vipande vingapi, kipi kinachemshwa na kipi hakichemshwi, na ile valvu yake (kiplastiki laini cha ndani kinachoshika mvuto) ikichanika utapata wapi nyingine. Nimeishi na pampu hii zaidi ya miezi miwili kwenye hospitali moja hapa Moshi, na hayo ndiyo yaliyonipa shida au raha. Nguvu ya kuvuta zote zinayo.

Mwanangu alizaliwa njiti, yaani kabla ya miezi kutimia, wiki ya 29 ya mimba akiwa na gramu 1,150. Wenye njiti mnajua uzito huo maana yake nini. Kwa asiyejua: mtoto wa umri huo hanyonyi, hata umwekee chuchu mdomoni. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni kazi ambayo wengi wao huanza kuiweza wakifikia kama wiki ya 34, ukihesabu kana kwamba bado wako tumboni. Kabla ya hapo maziwa hupita kwenye mpira mwembamba uliopitishwa puani hadi tumboni, kila baada ya saa mbili au tatu. Mpira haujali umelala au umechoka, saa ikifika sista anakuuliza maziwa yako wapi. Na ziwa lisilonyonywa, lisipokamuliwa linajua kazi imeisha, linafunga duka.

Siku za mwanzo pampu haikunisaidia kitu, na sasa najua kwa nini. Yale maziwa ya kwanza ya njano ni mazito na ni machache mno, matone tu. Ukitumia pampu yanabaki yamegandia kwenye faneli (ile sehemu pana inayokaa ziwani) na kuta za chupa, na mtoto anayesubiri mililita mbili hapati hata moja. Sista wa zamu ya usiku aliichukua pampu yangu, akairudisha kwenye boksi, akanipa kikombe kidogo na sirinji. Nilipoanza kuvuta chuchu akanishika mkono: "Mama, hapa hatukamui ng'ombe." Akanionyesha: kidole gumba juu, vidole vingine chini, nyuma ya sehemu nyeusi ya ziwa, unasukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo unabana, unaachia. Vidole havitelezi kwenye ngozi, vinabaki pale pale. Matone yalianza kutoka, akayavuta na sirinji moja kwa moja kutoka kwenye chuchu. Ujuzi huo hauuzwi dukani, na nitaeleza mbele ulivyoniokoa.

Maziwa yalipofunguka, ndipo pampu ikawa na kazi. Baba watoto aliinunua kwenye duka la vitu vya watoto Double Road kwa shilingi 45,000. Ni ile ya plastiki yenye mpini wa kubonyeza, haina umeme wala betri. Namna ya kuitumia: unabonyeza harakaharaka na kwa wepesi mpaka uone maziwa yameanza kushuka, kisha unabadilisha, unabonyeza taratibu na kwa kuvuta kwa kina. Wengi wanabonyeza kwa nguvu tangu mwanzo, wanatoka na michubuko. Mkono mmoja unabonyeza, mwingine unakanda ziwa kutoka juu kuja chini. Ukikanda hivyo yanatoka mengi zaidi kuliko kuiachia pampu peke yake. Kukamua kwa mkono kulikuwa kunanichukua muda mrefu hadi vidole vinakufa ganzi. Kwa pampu muda ulipungua karibu nusu, na usiku hiyo nusu ni usingizi. Na usiku huwezi kuruka, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Lengo tulilopewa lilikuwa kukamua mara nane au zaidi kwa saa 24.

Faneli angalieni ukubwa. Yangu imeandikwa 24 upande wa chini, yaani milimita, na ilinikaa vizuri. Mama mmoja wa Mwika tuliyekuwa naye kitanda kwa kitanda alikuwa na ya ukubwa huo huo na chuchu zake zilikuwa zinasuguliwa pembeni hadi zinatoa damu. Chuchu inatakiwa icheze katikati bila kugusa kuta, na sehemu nyeusi isivutwe yote kuingia ndani. Yeye alikuja kupata kubwa zaidi, akatulia.

Sasa tuje kwenye usafi, hapa ndipo utajua umenunua pampu au mzigo. Njiti kinga yake ni dhaifu, na utumbo wake ni mchanga. Maziwa ya mama ndiyo yanayoulinda utumbo huo dhidi ya ugonjwa mbaya unaoweza kuuozesha, sasa fikiria umlishe maziwa yaliyopita kwenye pampu chafu. Kila ukimaliza unafungua vipande vyote, unaosha kwa sabuni na maji ya moto, unasuuza, na mara moja kwa siku unachemsha. Yangu ina vipande vingi: faneli, kichwa, mpini, diski laini ya ndani, valvu, chupa. Maelekezo kwenye boksi yalikuwa ya Kichina na muuzaji hakujua chochote. Wodini kuna sinki moja, asubuhi foleni, na ndani ya sinki wenzako wameoshea vikombe vya uji. Nilinunua beseni langu dogo la kuoshea pampu peke yake, likawa halitumiki kwa kitu kingine, wala vipande havikugusa sinki. Jiko haliruhusiwi wodini, na ni sawa, kuna mitungi ya oksijeni mle. Nilielewana na mama lishe wa nje ya geti: sufuria yangu mwenyewe yenye mfuniko, anachemsha dakika tano tangu maji yatokote, namlipa mia tano. Narudi nayo imefunikwa, naanika vipande juu ya kitambaa safi vikauke vyenyewe. Kufuta kwa kanga hapana.

Sasa ile valvu. Ni kiplastiki laini cheupe chenye mpasuko, kinakaa chini ya kichwa cha pampu. Asubuhi moja nilibonyeza kama kawaida, yakatoka maziwa ya kulowesha chupa tu. Zamu iliyofuata vile vile. Mtoto alikuwa ameongezewa kiwango siku hiyo hiyo, na mimi nikaamini maziwa yamekauka. Mama mkwe alikuja na hotpoti yake ya mtori kutoka Kibosho akasema kwa upole kabisa kwamba yeye tangu mwanzo hakukiamini hicho kidude. Akaongeza kwamba maziwa ya mzazi yanatoka kwenye mtori, na kama kungekuwa na mlaso (chakula cha Kichaga cha damu ya ng'ombe) tusingefika huku. Nikala mtori bakuli mbili (na mtori wake sina cha kuulalamikia). Aliyegundua ni yule mama wa Mwika. Alichomoa valvu, akaiminya kwa vidole, ule mpasuko ulikuwa umechanika hadi pembeni. Ukiisugua kwa brashi au kucha inachanika. Ikichanika hewa inapita, mvuto unaisha, na wewe unadhani mwili wako umekataa. Nikakamua kwa mkono pale pale, alivyonifundisha sista, chupa ikajaa.

Dukani nilikonunua walisema valvu haiuzwi peke yake, ninunue pampu nyingine nzima. Shilingi 45,000 kwa kiplastiki cha ukubwa wa kidole! Dada yangu akazunguka Arusha, akaipata, akaikabidhi kwa kondakta wa Coaster, nikaipokea stendi ya Moshi. Alituma mbili. Siku zote za kusubiri nilikuwa nakamua kwa mkono, na mtoto hakukosa mlo.

Jirani mwingine alikuwa na pampu ya umeme ya pande mbili. Kweli inakamua matiti yote mawili kwa pamoja na mikono inapumzika, na kama umepewa kama zawadi ipokee. Lakini bei yake inanunua ya mkono nyingi, na soketi za wodini ni za mashine za watoto, si za simu wala pampu. Ilipoisha chaji alikuwa anatembea korido nzima akitafuta pa kuchomeka. Ningekuwa nakamulia nyumbani na kupeleka maziwa hospitali, huenda ningechagua hiyo.

Kuna kitu cha bure kilichozipita pampu zote. Mtoto alipoanza kutulia kwenye kupumua nikaruhusiwa kumweka kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani, kafungwa na kitenge. Utaratibu huu ulianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipokosa vitotoleshi vya kutosha. Tanzania ni mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki utafiti uliotoka mwaka 2021, ulioonyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie, kunapunguza vifo kwa asilimia 25. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Mimi nachosema ni cha chupani: nikikamua mara tu baada ya kumtoa kifuani, maziwa yalikuwa yanapanda hata bila kubonyeza sana.

Kwa mlioajiriwa, jambo hili halihusu pampu lakini linahusu muda wa kuitumia. Mei Mosi 2024, pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid Arusha, serikali ilitangaza kwamba mama wa njiti ataongezewa likizo, na sheria ikarekebishwa mwaka 2025: siku zilizobaki kufikia wiki 40 zinaongezwa juu ya zile 84 za kawaida, na baba wa njiti anapata siku 7 badala ya 3. Ofisini kwangu walihitaji barua ya hospitali yenye wiki za mimba, basi iombeni mapema kabla faili halijarudi masjala.

Mtoto alivyohamia kwenye kikombe, kisha ziwani, pampu ikabaki ya kumalizia. Alikuwa ananyonya kidogo, anachoka, analala. Yaliyobaki nakamua, anapewa kwa kikombe. Tulitoka akiwa anakaribia kilo mbili, na bado niliitumia nyumbani wiki kadhaa mpaka alipoanza kulimaliza ziwa mwenyewe.

Nakupa nyota nne, pampu. Mama ambaye mtoto wake amezaliwa miezi imetimia na ananyonya vizuri, hela yako kaa nayo. Mwenye njiti nunua, pamoja na valvu ya akiba siku hiyo hiyo, na muuzaji asipokuwa nayo nenda duka lingine. Zile za mtumba za soko la Memorial, hata zikionekana mpya, ziache: hizi ni za mtu mmoja, maziwa huingia kwenye sehemu usizoweza kuzisafisha. Kwa sababu hiyo hiyo nimewakatalia wawili walioniomba yangu. Beseni na sufuria nimewapa, na mama lishe wa getini nimeshamwambia watakuja.